Mama Alivyokwenda Kuhesabiwa

Watu wanaopenda takwimu hunichosha. Utawakuta redioni, utawakuta hata matangani, wanasema Wakristo nchini ni kadhaa kwa mia, Waislamu kadhaa, wasio na dini wachache hapa mwishoni, na wanayasema hayo kwa sauti ya mtu aliyepita mlango kwa mlango akauliza mwenyewe. Mimi hujaribu kunyamaza, nikishindwa nauliza: aliyejibu ni nani? Basi hunitazama kana kwamba nimetukana. Lakini mimi namjua anayejibu. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa baba yangu, amevaa fulana na suruali ya kazi, ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni pa nyumba yetu Kaloleni, akijibu kwa niaba ya watu ambao hakuwahi kuwauliza lolote.

Nieleze kwanza huyo Baba, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ukimkasirikia mtu mbaya unapumzika. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika karakana ya reli. Alikuja Nairobi kutoka upande wa magharibi akiwa kijana, akapewa nyumba ya baraza la jiji, na tangu hapo hakuwahi kulala na njaa wala kutulaza na njaa. Mshahara aliuleta nyumbani. Pombe alikunywa kwa kiasi. Kanisani alikwenda Krismasi, na siku ya mazishi ya mfanyakazi mwenzake. Lakini ungemsikia akisema "kanisa letu", ungedhani yeye ndiye aliyechonga mawe ya ule ukuta. Lilikuwa kanisa la Kiprotestanti alimobatizwa babu yangu, na Baba alilishabikia jinsi wanaume wa mtaani kwetu walivyoshabikia timu zao za mpira, hata wale ambao hawajaingia uwanjani miaka mitano.

Aliyekwenda kanisani kila Jumapili alikuwa Mama. Miaka ya sabini, nikiwa mdogo, alinivalisha gauni la rangi ya maziwa na viatu vilivyokuwa vikinibana, akambeba ndugu yangu mgongoni, tukatembea. Jumapili nyingine zote nilizipenda. Ile ya kwanza ya mwezi niliichukia, kwa sababu ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Safu ya mbele ilisimama ikaenda, ikarudi, ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka zamu ikafika kwenye benchi letu. Wenzetu wote walisimama. Mama alisogeza miguu kando ili wapite. Kisha benchi zima lilibaki letu, sisi na vitabu vya nyimbo, mpaka warudi, na Mama alisogeza tena miguu kando. Nilimwuliza mara moja kwa nini sisi hatuendi. Akaniambia ninyamaze nitazame mbele.

Baadaye nilielewa. Mama aliolewa kimila. Ng'ombe walipelekwa, wazee wakala, mambo yakaisha. Lakini kanisa lile lilimtaka kila mwanamke aliyeolewa awe na ndoa iliyobarikiwa madhabahuni, na cheti chake, la sivyo Mezani asikaribie. Kubariki ndoa ni kazi ya siku moja. Mchungaji alikuwa tayari, Mama alikuwa tayari, nguo alikwisha azima. Ni Baba aliyekataa. "Ng'ombe nilitoa," alisema. "Sasa nikasimame mbele ya watu kama kijana, nivalishwe pete? Nimeoa au sijaoa?" Na kwa kuwa Baba mwenyewe Mezani hakuwa na haja ya kwenda, jambo hilo halikumwasha. Lilimwasha Mama, kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Nikilifikiria leo bado nataka kugonga meza.

Kati ya njia ya reli na Shauri Moyo kulikuwa na uwanja mtupu, na kwenye uwanja huo walisali watu wa kanzu. Ndivyo tulivyowaita. Walivaa kanzu nyeupe, wanawake kwa wanaume, vitambaa vyeupe kichwani na msalaba wa rangi umeshonwa kifuani, wakapiga ngoma na kuimba wakizunguka. Jengo hawakuwa nalo. Wengi walikuwa watu wa kwetu magharibi: wafagiaji wa baraza la jiji, wauza mboga, wapishi wa Wahindi. Watoto wa Kaloleni tuliwaiga kwa kupiga madebe, na tulipigwa kwa kuwaiga. Jumapili moja, tukitoka kule kwenye benchi, Mama alisimama pale ukingoni mwa uwanja. Mwanamke mmoja mnene akamjia, akamwambia, "Dada, vua viatu uingie." Mama akavua. Tuliporudi nyumbani alikuwa na vumbi mpaka magotini, na aliniambia maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Hawakuniuliza cheti."

Hakurudi tena kwenye benchi. Kanzu yake aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha shuka, na msalaba akautia wa kijani kibichi. Baba alinung'unika wiki kadhaa, kisha wakafika mahali pa kuvumiliana: aende, lakini kanzu asiivae ndani ya mtaa. Kwa hiyo miaka yote hiyo Mama alitoka nyumbani na nguo za kawaida, kanzu imekunjwa kwenye kiondo chini ya leso, akaivaa uwanjani, akaivua uwanjani, akarudi kama mtu aliyetoka kununua sukuma wiki. Mimi niliona ni upuuzi mtupu. Mtaa mzima ulijua. Hata mbwa wa jirani alijua.

Basi ikaja sensa, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina kazi ila kufua, kupika na kukasirika. Gari la vipaza sauti lilipita mtaani likitangaza. Kisha chifu akaitisha baraza kwenye ukumbi wa mtaa, akaja na bwana mmoja wa ofisi ya serikali kutueleza mambo yatakavyokuwa. Mama alikwenda, nami nikaenda kwa kukosa la kufanya. Yule bwana alieleza mambo mawili ambayo Mama aliyameza mazima. La kwanza, kila mtu atahesabiwa mahali atakapolala usiku huo, awe mwenyeji au mgeni. La pili, mwenye nyumba ndiye atakayejibu maswali ya nyumba nzima: majina, umri, kabila, dini, kila kitu. Mwanamke mmoja wa nyuma aliuliza, "Na kama mwenye nyumba hajui?" Watu wakacheka. Yule bwana pia akacheka.

Njiani kurudi Mama alitembea haraka, kiondo kikimpiga pajani. Nilijua tu kuna jambo. Jioni Baba alipokwisha kula, Mama alianza.

"Baba watoto, hawa watu wa sensa wakiuliza dini, mimi utaniandikisha nani?"

"Vile tulivyo."

"Tuko vile gani?"

"Wewe nawe. Si unajua kanisa letu?"

"Mimi si wa huko. Mwaka wa nane huu."

Baba aliweka bilauri chini. "Hii nyumba ni moja," alisema. "Mwanamume ni mmoja, dini ni moja. Unataka hao watu waandike kwa serikali ati hapa kila mtu na njia yake? Siku hizi si siku za kujitafutia maneno. Kanzu nimekuachia. Ngoma nimekuachia. Hiyo ya kuandikwa, hapana."

"Mimi nataka tu niulizwe, nijibu mwenyewe."

"Utajibu kama wewe ndio mwenye nyumba."

Ikaisha hapo. Nilikuwa naosha vyombo, na nilivigonga kwa makusudi mpaka Baba akaniuliza kama nataka kuvunja sahani. Nilitaka. Maana Mama hakuomba kitu kikubwa. Hakuomba kanisa lijengwe wala Baba aokoke. Aliomba mtu mmoja mwenye kalamu ya serikali amwulize dini yake, yeye aseme, iandikwe. Na aliyemzuia ni yule yule aliyemfanya aikimbie ile ya kwanza.

Mama hakulia. Alikwenda kwa wenzake. Na huko uwanjani wakalijadili jambo hilo wakalitafsiri wanavyotaka, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mume wa namna hiyo, au kaka, au mwajiri. Mtu anahesabiwa anapolala, si ndiyo? Basi tukikesha uwanjani kwetu usiku huo, sote, na kanzu zetu, tutahesabiwa pale pale. Na pale hakuna mwenye nyumba, kwa maana hakuna nyumba. Kila mtu atajibu kwa kinywa chake. Yule mama mnene, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wao, alikwenda mbali zaidi: aliwaambia kwamba serikali ikituona tumekaa pamoja itatuandika kama kanisa, na kanisa lililoandikwa haliwezi kufukuzwa uwanjani na askari wa baraza la jiji. Mama alinisimulia hayo huku akipiga kanzu pasi ya makaa, na uso wake ulikuwa wa msichana. Nami nilimwamini. Nilikuwa na kidato cha nne kizima na nilimwamini.

Siku ilipofika, serikali ilikuwa imeomba watu wabaki majumbani. Baba alirudi mapema, akaoga, akakaa na redio yake. Saa kumi na mbili jioni, Mama alitoka chumbani amevaa kanzu. Haikuwa kwenye kiondo. Ilikuwa mwilini, imenyooka, na msalaba wa kijani kifuani.

"Unaenda wapi?" Baba aliuliza, na swali hilo lilikuwa la bure.

"Ninaenda kuhesabiwa."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya mtaa kukiwa bado kweupe, mbele ya majirani waliokuwa wamekaa barazani. Hakuna aliyepiga debe. Baba alisimama, akaketi, akaongeza sauti ya redio. Ndugu yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na mdomo usio na breki, aliniambia polepole, "Mathe ni noma." Mimi nilijisikia vizuri usiku ule kuliko siku zote za mwaka huo.

Asubuhi, kabla Mama hajarudi, karani wa sensa alifika kwetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapo karibu, mwembamba, na mfuko wa turubai begani, penseli sikioni. Alikuwa ameanza kazi alfajiri na amechoka tayari. Aliandika namba kwa chaki juu ya mlango wetu, akapewa kiti, Baba naye akakaa kwenye chake. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya mlango na sufuria ya chai mkononi.

Baba alijitaja, akaulizwa umri, alikozaliwa, kazi. Dini? "Mprotestanti," akasema, na kifua kikatoka.

"Mke?"

"Ndiyo, niko naye."

"Yuko wapi?"

"Ametoka asubuhi. Sokoni Gikomba."

"Alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

Nilishika sufuria kwa nguvu. Baba alimtazama yule mwalimu, akatazama barazani kwa jirani, ambako mazungumzo yalikuwa yamenyamaza kidogo. Akacheka kicheko kifupi cha wanaume.

"Mwalimu, mke wangu alale wapi tena?"

"Baba," nilisema.

"Mletee mwalimu chai," alisema bila kugeuka.

Ya Gikomba ilikuwa uwongo, ila hapa, kusema kweli, hakudanganya, aliuliza swali tu. Lakini mwalimu aliandika. Aliandika jina la Mama, umri ambao Baba aliukadiria vibaya, na alipofika kwenye dini akatazama juu. "Naye?" Baba akapunga mkono kuelekea chini ya karatasi: "Wote hivyo hivyo. Mimi, mama, hawa wawili. Andika tu mpaka chini." Na penseli ikashuka, alama moja, mbili, tatu, nne. Nilimwaga chai kwenye sahani ya kikombe. Hasira yangu yote ilikuwa kwenye ule mstari wa pili, wa Mama.

Mwalimu alikunywa, akashukuru, akaenda safu inayofuata. Baba akavaa shati akaenda zake kazini.

Mama alirudi jua likiwa limekwisha panda. Kanzu ilikuwa mwilini bado, lakini imechafuka pindoni na majani makavu yamenasa mgongoni. Alikaa kwenye kiti kile kile cha Baba. Nilimpa maji. Ndipo akasimulia.

Walikuwa wengi, alisema, uwanja ulijaa. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Kisha karibu na mapambazuko wakaja makarani na tochi, wamefuatana na askari, wakitokea kuhesabu upande wa sokoni. Wale walikuwa makarani wa kuhesabu watu wanaolala nje. Walikuwa wamewahesabu hamali waliolala kwenye mikokoteni, walevi, na machokora, wale watoto wa mitaani waliolala kwenye maboksi, sasa wakawafikia watu wa kanzu. Fomu yao ilikuwa fupi. Mwanamume au mwanamke. Umri. Umezaliwa wilaya gani. Wakimaliza na mmoja, tochi inahamia kwa mwingine. Zamu ya Mama ilipofika alijibu yote matatu, akangoja. Tochi ikahama.

"Nikamwambia, kijana, hujaniuliza dini. Akaniambia, mama, ninyi wa kulala nje hamuulizwi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia mimi silali nje, mimi nina nyumba Kaloleni. Akaniambia, basi usiku huu umelala nje." Alijitoa jani shingoni. "Yule mama kiongozi alimfuata mpaka barabarani, akimwonyesha msalaba. Kijana wa watu alikuwa na haraka."

Ndugu yangu alitoka chumbani akiwa na usingizi machoni, na kabla sijamzuia akasema, "Mathe, kwa hivyo wamekuhesabu na machokora?" Nilimpiga kofi la mgongo. Mama hakukasirika. Alisema tu, "Ndiyo. Na wao pia hawakuulizwa."

Kisha akaiona namba ya chaki mlangoni. Akaniuliza Baba alisema nini. Nilimweleza neno kwa neno, mke wangu alale wapi tena, na mkono uliopungwa, na penseli iliyoshuka. Nilitarajia apige kelele. Nilitaka apige kelele, nimsaidie. Mama aliutazama ule mlango.

"Kwa hivyo nimehesabiwa mara mbili," alisema, "na mara zote mbili sikuwepo."

Akasimama. Hakubadilisha nguo, hakuosha miguu. Tulimfuata yule mwalimu safu kwa safu, tukiuliza, mpaka tukamkuta karibu na ukumbi wa mtaa, amekaa kwenye baraza ya fundi cherehani akijaza karatasi zake juu ya goti. Mama alimwamkia, akamweleza yeye ni nani na nyumba namba gani, akamwambia jana hakulala nyumbani, ameandikwa kule alikolala, na hapa pia ameandikwa, na dini aliyoandikwa si yake.

Mwalimu alishusha pumzi ndefu. Hakuwa mkali. "Mama, basi kuna makosa hapa. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili."

"Ndiyo. Badilisha dini."

"Siwezi. Kama ulilala hapa, aliyejibu ni mzee, na mzee ameshajibu. Kama hukulala hapa, sikuandiki kabisa. Ninakufuta. Hakuna njia ya katikati." Akachukua raba mfukoni, akaishika. "Na hata ningekuuliza, ungesema nini?"

Mama alimtajia jina la kanisa lao, refu, lenye Roho ndani na mji mtakatifu. Mwalimu alitikisa kichwa. "Hilo halina mahali pake. Ningeweka tu Mkristo mwingine."

"Mwingine kuliko nani?"

Fundi cherehani alisimamisha mashine. Mwalimu aliigeuza raba mkononi. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma hiyo pia iliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimekuja nikiwa nimejaa na hapakuwa na wa kumwagia. Yeye ni mwalimu aliyekodiwa siku chache. Fomu imetungwa na watu ambao hatutawaona. Yule kijana wa tochi alikuwa na haraka. Baba yuko karakanani. Kila mmoja ana sababu yake, na zote zinaeleweka, na Mama amesimama pale na miguu ya vumbi.

"Mama, nifanyeje?" mwalimu aliuliza. "Nikikuacha, umo ndani ya nyumba yako, na mume wako, na watoto wako, kwenye kanisa la mzee. Nikikufuta, unabaki kule nje tu, bila dini yoyote."

Nilimvuta kanzu. "Mama, wacha ibaki. Hakuna atakayesoma."

Alinigeukia, na huo ndio mtazamo mkali pekee niliopewa siku hiyo. "Wewe umesoma, na unasema hakuna atakayesoma?" Kisha kwa mwalimu: "Futa."

Alifuta. Jina, umri uliokosewa, alama. Akapuliza vumbi la raba kutoka kwenye karatasi, akaandika upya jumla ya watu wa nyumba: watatu. Mama alihakikisha kwa kuinama na kutazama, ingawa miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Akashukuru. Tukarudi.

Jioni hiyo alimpakulia Baba ugali na omena kama kawaida. Baba alikuwa amekwisha sikia. Mtaa ule habari haikuhitaji redio. Alinawa mikono, akamega tonge, akalirudisha sahanini.

"Umekubali kuandikwa na machokora," alisema, "kuliko kuandikwa na mimi."

"Nimekubali kutoandikwa uwongo."

"Sasa kwa serikali mimi ni mwanamume hana bibi."

"Na mimi sina dini. Kila mtu amepoteza."

Baba alikula matonge mawili. Sauti iliyomtoka baada ya hapo sikuwahi kuisikia kwake, ilikuwa ya mtu aliyejikwaa. "Ungeniambia ina uzito hivi."

Nilikuwa jikoni na nilishika ukingo wa karai. Ungeniambia! Mwaka wa nane! Mama aliongeza mchuzi kwenye sahani yake. "Nilikuambia. Wewe hukuniuliza tu," alisema, na mazungumzo hayo hayakurudiwa tena mpaka Baba alipofariki. Ila tangu wiki ile Mama alitoka nyumbani amevaa kanzu, mchana kweupe, na kiondo kikabeba Biblia peke yake. Baba hakumzuia. Hilo ndilo tulilopata, na mimi bado naliona ni dogo.

Sensa iliyofuata ilitukuta Baba amekwisha zikwa miaka miwili, na nyumba imeandikwa jina la Mama. Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisini mjini, na usiku huo nililala kwa Mama na mtoto wangu. Karani mara hii alikuwa msichana wa chuo kikuu, nadhifu. Akauliza mwenye nyumba ni nani.

"Ni mimi," Mama alisema, akaketi vizuri kwenye kile kiti.

Alijibu yake yote. Kwenye dini alitaja lile jina refu, na msichana, kama mwalimu alivyosema, aliandika Mkristo mwingine. Mama alimtazama akiandika, akasema sawa, mradi ameulizwa.

"Na hawa wengine wa nyumbani, niweke hivyo hivyo?"

Penseli ilikuwa imekwisha teremka kuelekea mstari wa pili. Mama aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana. Sijui wao ni nani. Ngoja wajisemee."

Akamwita ndugu yangu, ambaye sasa alikuwa fundi wa magari. Alitoka na grisi vidoleni, akasema, "Mimi? Niandike sina." Nilimwona Mama akikaza leso yake. Lakini alimwambia msichana, "Mwandikie hivyo hivyo alivyosema." Kisha akaniita mimi.

Nilitoka jikoni na sufuria mkononi. Miaka kumi nilikuwa nimemkasirikia Baba, na mwalimu, na kijana wa tochi, na watu wa takwimu, na hasira hiyo niliijua kama njia ya kwenda dukani. Kwenye benchi sikuwa nimerudi. Uwanjani nilisimama ukingoni tu, na viatu vyangu mguuni. Msichana aliinua uso, akaniuliza dini yangu, nikafungua mdomo na hapakutoka kitu. Nikakumbuka zile alama zilivyoshuka, moja, mbili, tatu, nne, na kwamba ya tatu ilikuwa yangu.

Msichana aligonga penseli kwenye goti, akamtazama mwenye nyumba amjibie.

"Mngoje kidogo," Mama alimwambia, akanivutia kiti. "Huyu hajawahi kuulizwa."